Minyoo ya Busia na Hesabu za Wahisani

Leo naweka programu kando kidogo, tuzungumze historia.

Kuna watu, wengi wao wasomi na waandishi wa programu kama mimi, wanaojiita wahisani wenye matokeo. Swali lao ni hili: nikitoa shilingi yangu, wapi itaokoa wengi zaidi? Mwanafalsafa Peter Singer aliwatangulia mwaka 1972, aliposema kwamba umbali wa mwenye njaa haumwondolei mwenye shibe wajibu. Lakini baadhi ya vipimo walivyovitegemea vilitoka hapa kwetu, Busia.

Miaka ya 1990 mwanauchumi Michael Kremer na wenzake walifanya majaribio katika shule za huko. Vitabu vya kiada havikuinua wastani wa alama. Dawa za minyoo, zilizojaribiwa katika shule 75 kuanzia 1998, zilipunguza kukosa shule kwa takriban robo. Matokeo yalichapishwa 2004. Baadaye GiveWell, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 2007, likawahimiza watu wachangie dawa hizo.

Sasa sikizeni jambo linalonifurahisha. Watafiti hao walitoa takwimu zao zikaguliwe. Mwaka 2015 wakaguzi walitangaza kwamba wameona makosa kwenye hesabu. Mabishano yakawa makali, wenyewe wakishikilia kuwa jibu lao kuu bado limesimama. Kila mwandishi wa programu anajua raha ya kosa linaloonekana: unaweza kulirekebisha.

Kisha baadhi ya wahisani wakageukia mambo makubwa zaidi: magonjwa ya milipuko na hatari za akili unde. Mwaka 2017 shirika la Open Philanthropy liliipa OpenAI dola milioni 30. Mwaka 2022 wakajaribu siasa. Huko Oregon, zaidi ya dola milioni 10, nyingi zikitoka kwa tajiri Sam Bankman-Fried, zilitumika kumpigia debe Carrick Flynn, aliyetaka Marekani ijikinge na milipuko. Alishindwa katika mchujo wa chama mwezi Mei. Novemba kampuni ya tajiri huyo, FTX, ikafilisika, na mwaka 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa ulaghai.

Sisemi hatari hizo ni ndoto. Korona tuliiona sote. Shida yangu ni hesabu. Ukisema kazi yako italinda mabilioni ya watu ambao hawajazaliwa, nani atakukagua? Mwalimu wa Busia anaweza kukwambia dawa haikufika. Mtoto wa mwaka 2300 hawezi. Na palipo na hesabu isiyokagulika, mwenye pesa ndiye huamua jibu.

Mimi programu ambayo haijajaribiwa siiamini, hata kama nimeiandika mwenyewe. Wahisani walianza vizuri kwa sababu walikubali kukosolewa. Wakienda kwenye siasa na akili unde, wasiiache tabia hiyo Busia.

Nyinyi mnaonaje? Tukutane wiki ijayo.