Mitungi ya Gesi Kandokando ya Ziwa: Kutoka Maputo ya 1908 hadi Karakana za Nyakato

Mwaka 1908, wakati Mwanza ilipokuwa boma la Wajerumani, msafara wa kisayansi ulioongozwa na Arthur Berson ulirusha maputo ya kupimia hali ya hewa katika Ziwa Viktoria, na kimojawapo cha vipimo vyake kikaonyesha baridi ya takriban nyuzi 84 chini ya sifuri katika anga la juu. Maputo ya aina hiyo yalijazwa hidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, ambayo zama hizo ama ilitengenezwa papo hapo kwa kemikali ama ilisafirishwa ikiwa imeshindiliwa katika mitungi ya chuma. Kabla ya reli ya Tabora kufika Mwanza mwaka 1928, shehena nzito za mwambao huu zilipitia Mombasa na Kisumu, zikapakiwa na kupakuliwa mara kadhaa, na kila upakuzi ulikuwa nafasi nyingine ya mtungi kuanguka.

Hatari za mtungi wa hidrojeni ni mbili kwa pamoja. Kwanza ni mgandamizo, ambao kwa kawaida hufikia baa 150 hadi 200, yaani zaidi ya mara 150 ya ule wa hewa tunayovuta, kiasi kwamba vali ikikatika mtungi huruka kwa nguvu inayoweza kutoboa ukuta. Pili ni gesi yenyewe: hupenya penye ufa mdogo mno, huwaka ikiwa ni asilimia 4 hadi 75 ya mchanganyiko wake na hewa, na mwali wake hauonekani kwa urahisi mchana, hivyo mtu anaweza kuuingia bila kuuona.

Leo, katika eneo la Nyakato jijini Mwanza, ambako Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lililoundwa kwa sheria ya 1973, lina eneo lake, na ambako barabara ya Musoma hupita, mitungi inayoonekana zaidi ni ya oksijeni na asetilini ya mafundi wa kuchomelea. Oksijeni haiwaki, lakini huifanya grisi iliyo mikononi mwa fundi iwake ghafla; asetilini nayo imeyeyushwa katika asetoni, kwa hiyo mtungi wake hutumiwa ukiwa umesimama. Fundi mzoefu huuinamisha mtungi na kuuzungusha kwa ukingo wa kitako, ustadi unaostahili heshima, ila mara nyingi kofia ya kulinda vali imekwishapotea.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Viwanda ya Tanganyika ya 1950 iliangalia boila na matangi ya hewa iliyoshindiliwa ndani ya kiwanda, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ikaja kuchukua nafasi yake kwa upana zaidi. Hata hivyo, urithi wa kuutazama usalama kuanzia getini kwenda ndani haujaisha, na mtungi uliolazwa juu ya guta bila kufungwa kwa mnyororo, vali ikiwa haina kinga dhidi ya kila pigo la barabara, unastahili ukaguzi uleule unaofanyiwa boila.