Ritifaa ya Lang'ata

Mchango wangu wa kwanza katika programu huria ulikuwa ritifaa. Si programu, si hata mstari mmoja wa msimbo. Ritifaa. Nilipomwambia rafiki yangu tuliyesoma naye, alicheka mpaka chai ikamwagika. "Yaani umekesha usiku mzima kwa sababu ya koma ya juu?"

Nilikesha, ndiyo. Nilitaka kumweleza kwa nini, lakini maelezo yenyewe yanaanza kabla sisi wawili hatujazaliwa. Basi hebu nikueleze wewe.

Miongozo ya programu huria huandikwa na watu wengi wasiojuana. Mmoja yuko Nairobi, mwingine Berlin, wa tatu hata hujui yuko wapi. Kila mtu ana kibodi yake na mwalimu wake aliyemfundisha kuakifisha. Unakumbuka insha za shule ya msingi? Ukisahau kituo, unakatwa nusu alama, maisha yanaendelea. Kwenye kompyuta hakuna nusu alama. Ukiandika ls -l kwa kistari kifupi cha kibodi, Linux inakuonyesha mafaili yako pamoja na ukubwa na tarehe zake. Lakini ukinakili amri hiyohiyo kutoka kwa mwongozo ambao kistari chake kilirefushwa ili kipendeze, mashine inadhani –l ni jina la faili, inalitafuta, kisha inakwambia faili hilo halipo. Kwa macho yako alama hizo mbili ni ndugu. Kwa mashine hazijawahi kuonana.

Watu waligundua jambo hili mapema. Mwaka wa 1976 Bill Joy, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alitengeneza programu ya kuhariri maandishi iitwayo vi. Ndani ya vi, ukibonyeza dd mstari mmoja unafutika. Ukibonyeza nukta, kompyuta inarudia amri ya mwisho. Sasa, Wamarekani wamezoea kuweka kituo ndani ya alama za usemi. Mwongozo ukikwambia kwa mtindo huo uandike "dd." nawe ukatii kila alama, umefuta mistari miwili badala ya mmoja. Mfano huu umo katika Jargon File, kamusi ya misimu ya mafundi wa kompyuta iliyoanzishwa Stanford mwaka wa 1975, kama sababu ya mafundi hao kuvunja kanuni ya walimu wao na kutoa kituo nje. Mwongozo wa uandishi wa Kubernetes nao unataka koma na vituo vikae nje ya alama za usemi, ingawa mradi huo unafuata tahajia ya Marekani. Mtu akisema huo ni ubishi wa walimu wa lugha, mwambie ajaribu kuwatafutia wenzake mistari iliyofutika.

Ritifaa ina kisa chake. Taipureta za zamani zilikuwa na nafasi chache za vitufe, kwa hiyo alama moja iliyosimama wima ilifanya kazi nyingi: ilifungua usemi, ikaufunga, ikawa ritifaa. Kwenye mashine nyingine, ukiipiga kisha ukarudi nyuma na kupiga nukta chini yake, unapata alama ya hisi. Mwezi wa Juni 1963, mwezi uleule wa Madaraka yetu, Wamarekani walitoa ASCII, orodha iliyopa kila herufi na alama nambari yake, yenye nafasi 128 tu. Toleo la 1967 likaleta herufi ndogo na alama moja ya ajabu, ritifaa iliyoinama kinyume: `

Kwenye skrini nyingi za wakati huo, alama hizo mbili zilichorwa kama jozi, moja ikiinama kulia na nyingine kushoto. Ndiyo maana waandishi wa GNU, mradi uliotangazwa mwaka wa 1983, walizoea kufungua usemi kwa moja na kuufunga kwa nyingine, `hivi'. Kisha fonti zikabadilika. Ritifaa ikanyooshwa, mwenzake akabaki ameinama, na miongozo ya miaka mingi ikaonekana kama mtu aliyevaa kiatu kimoja na ndala moja. Halafu mwaka wa 2004 ikaja Markdown, ambayo iliipa ile iliyoinama kazi mpya kabisa: kufungua na kufunga msimbo. Ukiandika kwa mtindo wa zamani ndani ya Markdown, umefungua mlango ambao hakuna anayeufunga. Hatimaye GNU wenyewe walibadilisha kanuni yao. Sasa wanashauri alama moja iliyonyooka pande zote mbili.

Usidhani mambo haya yaliisha. Julai 2023, groff, programu inayopanga kurasa za miongozo ya Linux, ilitoa toleo la 1.23. Ndani yake, kistari cha kawaida cha kibodi katika kurasa hizo kiligeuzwa kuwa kiungo halisi cha uchapaji, labda mwandishi awe ameweka alama maalumu ya kukizuia. Kwa sheria za uchapaji, groff walikuwa sahihi. Lakini waandishi wengi hawakuwa wameweka alama hiyo, kwa hiyo ungeweza kutafuta --help ndani ya mwongozo usiipate, na huku unaiona kwa macho yako. Debian waliamua kurudisha kistari cha zamani. Waliona heri msomaji apate anachotafuta.

Sasa tuje nyumbani. Wazungumzaji wa Kiingereza wakikosea ritifaa, wamekosea kiakifishi. Sisi kwetu ni sehemu ya sauti. Waganda wana herufi yao, ŋ. Sisi tunaandika ng', na bila ile ritifaa ng'oa haisomeki inavyotamkwa. Ukiandika jina la mtaa ndani ya msimbo hivi, 'Lang'ata', mashine inaona alama ya kwanza na kusema: sawa, maneno yameanza. Inafika kwa ya pili na kusema: yamekwisha. Imesoma Lang. Ile ata iliyobaki haina mwenyewe, na programu inagoma. Muulize yeyote anayeitwa Ng'ang'a au Nyong'o kama hajawahi kukutana na fomu ya mtandaoni inayomwambia ati jina lake lina herufi isiyoruhusiwa.

Kiswahili si mgeni kwenye programu huria. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Tangu hapo wafasiri wa kujitolea wameendelea, mmoja hapa, mwingine pale, kila mmoja na kibodi yake.

Mimi nilikutana na kazi yao kwa njia mbaya. Nilikuwa nimejitolea kuingiza vitabu vya maktaba ndogo ya mtaani kwetu kwenye kompyuta, kwa programu huria yenye mwongozo wa Kiswahili. Wiki mbili, vitabu 600. Programu ikaanza kusumbua, nikaamua kuiondoa na kuiweka upya. Wafasiri walikuwa wamechagua neno kung'oa, chaguo zuri sana kwa kweli, maana programu nyingine hazitoki bila mizizi. Nikatafuta neno hilo katika mafaili ya mwongozo kwa grep. Likapatikana mahali 4. Nikasoma pote panne, nikafuata maagizo, nikang'oa.

Vitabu vyote 600 vikaondoka nayo.

Usiku huo nikasoma mwongozo wote kwa macho, mstari kwa mstari. Kung'oa lilikuwa mahali 11. Manne yalikuwa na ritifaa iliyonyooka, matano ile ya kupinda (’) na mawili ile iliyoinama kinyume. Katika yale ya kupinda kulikuwa na sentensi iliyoniambia ninakili orodha zangu kabla ya kung'oa. Mfasiri hakukosea neno hata moja. Alilionya jicho langu vizuri kabisa, ila sikutafuta kwa jicho.

Nikaandika marekebisho ya kuzifanya zote ziwe za kupinda, kwa sababu zinapendeza kitabuni. Mmoja wa wasimamizi akasema hilo ni pambo tu, tusipoteze muda. Mwingine akaeleza kwamba Unicode ina ritifaa maalumu iliyo herufi kamili (ʼ), na kwa lugha kama yetu hiyo ndiyo ingefaa zaidi. Mama mmoja wa Mombasa, mfasiri wa siku nyingi, alinyamaza siku mbili kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, mtu akitaka kutafuta neno hili, kidole chake kitabonyeza ipi?"

Nikaangalia kibodi yangu. Ipo moja tu.

Tukachagua iliyonyooka, tukaandika kanuni ya mstari mmoja juu ya faili la wafasiri. Si nzuri kuliko zote, wala si sahihi kuliko zote. Ila ni moja, na msomaji anaweza kuiandika.

Vitabu nilivirudia. Safari hii vilichukua siku tisa, kwa kuwa vingine nilikuwa nimeshavikariri. Juzi nikatafuta tena kung'oa ndani ya mwongozo. Mahali 11. Lile onyo lilikuwa la tatu kutoka juu.