Telomerasi: Kimeng'enya kinacholinda ncha za kromosomu

KWA mkazi wa Goba au Mbagala jijini Dar es Salaam, neno telomerasi huenda likawa geni masikioni, lakini kimeng'enya hicho kina nafasi kubwa katika saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania.

Karibu kila seli ya binadamu ina kromosomu 46 zinazobeba vinasaba. Kila ncha ya kromosomu hufunikwa na telomia, kipande cha DNA chenye herufi sita za kikemikali, TTAGGG, zinazojirudia maelfu ya mara. Kazi yake ni kama ya pindo la nguo, linalozuia nyuzi zisifumuke.

Seli inapogawanyika, DNA hainakiliwi hadi mwisho kabisa wa ncha. Kwa hiyo telomia hufupika kila mara, hadi seli inapofikia ukomo na kuacha kugawanyika.

Telomerasi huzirefusha ncha hizo. Imeundwa kwa protini na kipande cha RNA kinachotumika kama kielelezo cha kurejesha herufi zilizopotea.

Carol Greider na Elizabeth Blackburn waliigundua mwaka 1984 nchini Marekani, wakichunguza Tetrahymena, kiumbe cha seli moja kinachoishi majini. Pamoja na Jack Szostak, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2009.

Katika mtu mzima, telomerasi hufanya kazi kwenye seli chache, zikiwamo zinazozalisha mbegu za kiume, na hulala katika seli nyingine nyingi. Hata hivyo, katika asilimia 85 hadi 90 ya saratani huamka tena, na seli zikagawanyika bila kikomo.

Virusi vya HPV aina ya 16 na 18, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, vina protini iitwayo E6 inayochangia kuiamsha. Maambukizi mengi huisha yenyewe, lakini yanayodumu huweza kuzaa saratani baada ya miaka mingi. Muda huo ndio unaotoa nafasi ya kubaini mapema dalili za awali, ikiwa ni pamoja na kwa kipimo cha siki.

Tanzania ilizindua chanjo ya HPV kitaifa Aprili 2018 huko Mbagala, wilayani Temeke, kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 walengwa walikuwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja.

Chanjo hiyo haiigusi telomerasi yenyewe. Humzuia mwamshaji wake asipate kuingia.