Fahamu: Namna ya Kusafisha Filamu ya Nyeusi na Nyeupe Iliyopigwa katika Mwanga Hafifu

Kusukuma filamu ni utaratibu wa kuisafisha filamu ya nyeusi na nyeupe kwa muda mrefu kuliko ule wa kawaida, ili kufidia uhaba wa mwanga uliokuwapo wakati wa kupiga picha. Utaratibu huu umetumiwa kwa miongo mingi na wapigapicha wa magazeti katika mikutano ya usiku, kumbi na viwanja vya michezo, ambako tukio hutokea mara moja tu wala halirudiwi.

Kila filamu ina kiwango chake cha wepesi wa kupokea mwanga, ambacho huandikwa kwenye kasha kwa alama ya ISO. Mpigapicha mwenye filamu ya ISO 400 anaweza kuiweka kamera yake kwenye 1600. Kwa kufanya hivyo, filamu hupata robo tu ya mwanga inaouhitaji, lakini shata hufunguka kwa 1/60 ya sekunde badala ya 1/15. Mara nyingi tofauti hiyo hutosha kuzuia picha isiharibike kwa kutikisika kwa mkono.

Upungufu huo hufidiwa katika chumba cha giza. Kwa mfano, filamu ya Ilford HP5 Plus inayosafishwa kwa dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, katika nyuzijoto 20 za Selsiasi, huhitaji dakika 7 na nusu ikiwa imepigwa kwa 400. Ikipigwa kwa 800 huhitaji dakika 10 na nusu, na ikipigwa kwa 1600 huhitaji dakika 14. Dawa ya Microphen, iliyotengenezwa mahususi kwa kazi ya aina hii, huhitaji dakika 11 kwa 1600.

Hata hivyo, kuongeza muda hakuongezi mwanga. Dawa hugeuza kuwa fedha nyeusi zile chembe ambazo tayari zimeguswa na mwanga. Sehemu zilizopata mwanga wa kutosha, kama vile uso ulioelekea taa, huimarika zaidi, ilhali sehemu za kivuli ambazo hazikupata chochote hubaki tupu. Matokeo yake ni picha yenye tofauti kali baina ya weusi na weupe, na yenye chembechembe zinazoonekana wazi. Picha ya namna hiyo huweza kumtambulisha mzungumzaji jukwaani, lakini haitarudisha sura za waliokaa gizani nyuma yake.

Mambo manne yanapaswa kuzingatiwa. Kwanza, filamu nzima husafishwa kwa pamoja, hivyo picha zote za filamu moja zipigwe kwa kiwango kimoja. Pili, kiwango hicho kiandikwe kwenye kasha mara filamu inapotolewa katika kamera, kwa kuwa msafishaji hawezi kukitambua kwa kuitazama. Tatu, joto la dawa lipimwe. Katika maeneo ya joto, maji ya bomba huweza kuzidi nyuzi 20, na dawa yenye joto hufanya kazi kwa haraka zaidi. Chombo cha dawa kinaweza kupozwa kwa kukizungushia maji yenye barafu. Nne, filamu iliyokwisha kusafishwa na kutiwa dawa ya kudumisha picha haiwezi tena kusukumwa. Kinachobaki ni kuichapisha kwenye karatasi yenye ukali zaidi au kuiskani.

Kwa filamu zilizopigwa zamani na kuhifadhiwa kwa miaka mingi bila kusafishwa, tahadhari zaidi inahitajika. Kadiri muda unavyopita, filamu hujenga ukungu wake yenyewe, na kurefusha usafishaji huongeza ukungu huo pamoja na picha. Mwenye filamu kadhaa za aina moja, zilizotunzwa mahali pamoja, anashauriwa kuanza na ile yenye umuhimu mdogo zaidi, kuyachunguza matokeo, kisha ndipo aamue muda wa zile zilizosalia. Kosa linalofanyika katika hatua hii halina marekebisho.