Hifadhi Mbili, Lango Moja

Ukipanda kutoka Karatu kwenda Ngorongoro, unafika Lango la Loduare. Gari linasimama, vibali vinakaguliwa, na kama unataka kushuka kreta, unatakiwa uwe na gari linaloweza ile njia na kiongozi anayetambuliwa. Huwezi kusema tu, "Mimi nina haraka." Eneo lile tunaliita hifadhi. Cha ajabu, neno hilohilo ndilo tunalotumia kwa mahali data inapokaa: hifadhi ya simu, hifadhi ya wingu. Leo tunakusimulia historia ya hifadhi zote mbili, kwa sababu zimekutana kweli, na zimekutana kupitia chuo kimoja: Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani.

Tuanze na wanyama. Mwaka 2010, Ali Swanson, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu Minnesota katika mradi wa muda mrefu wa utafiti wa simba, alianza kufunga kamera kwenye miti na nguzo katikati ya Serengeti, ng'ambo ya Ngorongoro kwa mtu anayetokea Karatu. Zilikuwa kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Kamera hizi hazina mpiga picha. Joto na mwendo vikipita mbele yake, inapiga. Tatizo ni kwamba jani lililopata jua likitikiswa na upepo, nalo linapigwa picha. Matokeo yake, takriban robo tatu ya picha hazina mnyama yeyote. Ni nyasi tu.

Sasa nani azitazame zote? Desemba 2012 mradi uliziweka mtandaoni na kuwaomba watu wa kawaida wasaidie kutambua wanyama. Walijitokeza zaidi ya 28,000. Na hapa kuna kitu tunakuomba ukishike, maana tutakirudia: hakuna picha iliyoamuliwa na mtu mmoja. Kama watu kumi walikubaliana, ilitosha. Picha ngumu, yenye mkia tu pembeni au jicho gizani, ilionyeshwa kwa watu mpaka 25, halafu majibu yakajumlishwa. Majibu hayo yalipolinganishwa na ya wataalamu, yalikuwa sahihi kwa asilimia 96.6 katika kumtaja mnyama. Mtu mmoja asiye mtaalamu anakosea mara nyingi. Kundi la watu wanaoangalia kitu kilekile, kila mmoja kivyake, linakosea mara chache sana.

Mwaka 2018 watafiti wengine walitumia picha milioni 3.2 za mradi huo kuifundisha kompyuta kuwatambua wanyama. Leo mkusanyiko umefika picha kama milioni 7.1, na yeyote anaruhusiwa kuupakua. Kwa miaka kadhaa ulikaa kwenye Azure, wingu la kampuni ya Microsoft, katika huduma yao iitwayo Blob. Yaani nyumbu wetu na fisi wetu, pamoja na nyasi zetu zilizopigwa picha bure, wanakaa kwenye diski zisizoonekana kutoka hapa.

Ukitaka kufundisha kompyuta kwa mamilioni ya picha, kazi ngumu inahamia kwingine. Si hesabu peke yake. Ni kuzivuta picha zenyewe kutoka hifadhini kwa kasi ya kutosha. Ndipo tunafika kwenye lango la pili.

Ndani ya kila kompyuta kuna programu moja inayosimama kati ya programu nyingine zote na vifaa vyenyewe: diski, kumbukumbu, mtandao. Inaitwa kerneli. Maarufu kuliko zote ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki. Simu yako ikiwa ni ya Android, unayo mfukoni sasa hivi. Sehemu kubwa ya msimbo wa Linux ni viendeshi, yaani vipande vinavyojua kuongea na kifaa fulani.

Kwa nini tujali? Kwa sababu ya tofauti moja. Programu ya kawaida ikiharibika, inajifunga yenyewe na unaifungua tena. Kilichomo ndani ya kerneli kikiharibika, mashine nzima inaweza kuanguka nacho. Tarehe 19 Julai 2024 dunia iliona jambo hili kwenye Windows: faili moja lenye kasoro, lililosomwa na kiendeshi cha kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike, liliangusha kompyuta zinazokadiriwa kuwa milioni 8.5. Ndege hazikuruka. Kerneli ni kama sakafu ya kreta: ukishafika chini, kosa lako linawagusa wote waliomo.

Ndiyo maana Linux ina lango. Huwezi kuingiza mstari wako mwenyewe. Unatuma kiraka kwa barua pepe, hadharani, na watunzaji wa sehemu husika wanakisoma. Wanauliza, wanakataa, unaandika upya, unatuma toleo la pili, la tatu, la tano. Barua zote zinabaki wazi kwa yeyote kuzisoma.

Lango hili lilijaribiwa vibaya, na waliolijaribu walitoka chuo kilekile cha kamera za Serengeti. Hawakuwa watu wa simba, tafadhali tuelewane. Walikuwa watafiti wa sayansi ya kompyuta. Mwaka 2020, wakitumia majina ya bandia, walituma viraka vyenye kasoro za makusudi ili kuona kama wakaguzi watazigundua. Wakaguzi wenyewe hawakuwa na habari kwamba wanafanyiwa majaribio. Aprili 2021 mambo yakalipuka. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu, alitangaza kuwa michango kutoka Minnesota itakataliwa, na iliyokwisha kuingia itaondolewa hadi ikaguliwe upya.

Ukaguzi ule ulikuwa kazi ya kutoa jasho. Viraka 435 vilisomwa tena kimoja kimoja. 349 vilikutwa ni sahihi. 39 vilikuwa na makosa yaliyohitaji kurekebishwa. Vilivyobaki vilikuwa vimesharekebishwa tayari, vimepitwa na wakati, au havikuhusika na kundi hilo. Vile vya kasoro za makusudi havikuingia kwenye kerneli. Lakini angalia vizuri hiyo 39. Wengi wanafikiri adui wa lango ni mwenye nia mbaya. Hesabu inaonyesha kosa la kawaida, la mtu mwenye nia njema, ndilo linalopita kirahisi zaidi.

Katikati ya mwaka huohuo, vidonda vikiwa bado vibichi, wahandisi wa Microsoft walileta langoni kiendeshi kipya: cha kuharakisha ufikiaji wa Azure Blob, huduma ileile. Wazo lao linaeleweka. Kwa kawaida programu iliyo ndani ya kompyuta pepe inaomba data kwa njia ya wavuti, kama kivinjari kinavyoomba ukurasa, na kila ombi linapita hatua nyingi. Kiendeshi kipya kingekabidhi ombi kwa kompyuta mwenyeji, na mwenyeji angetumia njia yake ya moja kwa moja hadi kwenye hifadhi.

Kizuri, siyo? Lakini weka kofia ya mkaguzi. Swali la kwanza halihusu msimbo hata kidogo: kwa nini kazi hii ifanyike ndani ya kerneli, wakati njia ya nje ipo na inafanya kazi? Kama jibu ni kasi, vipimo viko wapi? Kisha unashuka kwenye mistari. Programu ya mtumiaji inataja ukubwa wa data inayoitaka. Je, kiendeshi kinauhakiki, au kinaamini tu? Kurasa za kumbukumbu zilizoazimwa kwa mwenyeji zinarudishwa lini? Na kifaa kikiondolewa wakati ombi liko njiani, nani anamwambia anayesubiri? Na la mwisho, zito kuliko yote: mlango mpya kati ya programu na kerneli ukishafunguliwa, watu wataujenga juu yake, na kuufunga baadaye ni kuvunja kazi zao.

Kiendeshi kile kiliandikwa upya na kutumwa mara kadhaa. Hakikuingia kwenye Linux kuu. Picha za Serengeti ziliendelea kupakuliwa kwa njia ya zamani, polepole kidogo, salama.

Unaweza kusema wakaguzi walichelewesha maendeleo. Inawezekana. Haraka haraka haina baraka ni methali nzuri, lakini haitoshi kuwa hoja ya kihandisi. Wakati mwingine haraka ina faida, na mwenye kuileta anatakiwa aionyeshe kwa namba. Langoni hukatazwi kwenda mbio. Unadaiwa uthibitisho kabla ya kushuka.

Ila lango lolote lina swali la pili, na watu wa Ngorongoro wanalijua kuliko mtu wa kompyuta. Eneo la Hifadhi lilianzishwa mwaka 1959 kwa wazo la watu, mifugo na wanyamapori kuishi pamoja. Mwaka 1974 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Kwa hiyo kuuliza "lango lipo?" hakutoshi. Uliza pia, "Nani amesimama pale, na nani hakuulizwa?"

Rudi sasa kwenye zile picha. Picha moja ya pundamilia ilitazamwa na watu kumi, ishirini, ishirini na tano. Kiraka cha kiendeshi kinachoweza kuangusha mashine kinaweza kusomwa na watu wawili au watatu, wamechoka, na barua mia nyingine zinawasubiri. Data ya wanyama wetu, kumbukumbu zetu na simu zetu zinategemea macho hayo machache, na macho ya kutoka huku kwetu ni machache zaidi.

Hilo linabadilika kwa njia moja tu, na haihitaji kibali. Ukiwa Arusha, Karatu au Dodoma, orodha za barua za kerneli zinafunguka bure. Chagua kiendeshi kimoja kidogo. Soma kiraka, halafu kabla hujasoma majibu ya wakaguzi, andika maswali yako matatu. Linganisha. Mara ya kwanza watakushinda. Mara ya kumi utakuta swali ambalo hakuna aliyeuliza. Hilo litume.