Rectify: maana na matumizi yake

"Rectify" ni kitenzi elekezi cha Kiingereza chenye maana ya kuondoa kosa au kasoro ili jambo liwe kama lilivyostahili kuwa. Kiliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa, na mizizi yake ni ya Kilatini: rectus, yaani "iliyonyooka", na facere, "kufanya". Kwa asili, basi, kisawe chake cha karibu ni "nyoosha". Anayesema "tukae tunyooshe mambo" hayuko mbali nacho, ingawa kauli hiyo haifai katika hati rasmi.

Yambwa yake huwa ni kosa au hali, si mtu. Kiswahili hukubali "mwalimu alimrekebisha mwanafunzi". Kiingereza hapo hutumia "correct". Kusahihisha mitihani nako ni "mark".

Panapohitaji uangalifu zaidi ni katika sheria. Tuseme watu wawili wamepatana kuuziana kiwanja kwa shilingi milioni 8, mchapaji akaandika laki 8, nao wakatia saini bila kuliona kosa. Mahakama ikitumia uwezo wa "rectification", haibadili mapatano; huifanya hati iseme yale ambayo wahusika walikuwa wamekwisha kukubaliana. Wakipatana baadaye bei ishuke hadi milioni 7, mapatano yenyewe yamebadilika, na kitenzi chake ni "amend". Mfasiri anayeandika "mkataba umerekebishwa" katika hali zote mbili humwacha msomaji bila kujua kama mnunuzi alidaiwa milioni 8 tangu mwanzo au aliongezewa bei baada ya kutia saini. Hilo si jambo dogo kwa anayelipa.

Kwa kuwa "marekebisho" yamekwisha kuzoeleka kwa maana ya "amendment", kama katika "marekebisho ya Katiba", ni salama zaidi "rectify" ya mikataba ifasiriwe "sahihisha". Vivyo hivyo kwa sajili ya ardhi: nchini Kenya, kifungu cha 80 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 huiwezesha mahakama kuagiza sajili isahihishwe ikiwa usajili ulipatikana kwa udanganyifu au kwa makosa.

Katika umeme, "rectify" ni kugeuza mkondo geu uwe mkondo wa upande mmoja, kazi inayofanyika ndani ya kila chaja ya simu inayochomekwa ukutani. Hapo "sahihisha" haifai kabisa; hakuna kosa lililotendeka.