Milima Iliyogeuka Mchanga: Historia ya Ardhi ya Kwale

Pwani ya kusini mwa Kenya haina mlima wa kujivunia. Kutoka Diani hadi Msambweni ardhi ni tambarare, na Chale ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe. Hata hivyo, historia ya ardhi hii inaanza na safu ya milima mirefu ambayo leo haipo.

Yapata miaka milioni 800 iliyopita, mchanga, matope na chokaa vilikuwa vikitua kwenye sakafu ya bahari ya kale, tabaka juu ya tabaka. Baadhi ya matope hayo yalijaa mabaki ya viumbe wadogo. Miamba ya Taita na Tsavo ina asili yake humo.

Kisha, kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara yaligongana na bahari ile ikafungwa. Matabaka yaliyobanwa kutoka ubavuni yalikunjamana, hatimaye yakakatika. Ufa haukwenda wima; ulifuata tabaka laini, ukapanda kwa mteremko mdogo, na mapande makubwa ya miamba yakasukumwa juu ya mengine, mithili ya jamvi linalosukumwa ukutani hadi likajipandia. Hivyo mwamba wa kale ukaulalia ule ulioundwa baadaye, kinyume cha kanuni kwamba cha chini ndicho kilichotangulia. Ganda la dunia likanenepa, milima ikainuka. Vilivyozikwa vilibadilishwa na joto na mgandamizo: chokaa ikawa marumaru, matope meusi yakawa gnaisi yenye grafaiti, na humo kikazaliwa kito cha kijani cha tsavoriti. Mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes, aliyefika Msumbiji mwaka 1911 akiwa kijana, ndiye aliyekuja kuupa ukanda huu jina la Ukanda wa Msumbiji katika maandishi yake ya 1951.

Mvua, jua na mito viliitafuna milima hiyo. Ilipofika miaka milioni 300 hivi iliyopita, ardhi ilianza kutanuka, mabonde yakadidimia, na mito ikayajaza mchanga. Ndiyo miamba ya Duruma: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras. Maji ya Chumvi pana visukuku vya samaki. Mazeras, miti iliyogeuka jiwe. Vilima vya Shimba vimesimama juu ya mawe ya mchanga ya kundi hilihili.

Katika zama za Jurasi bahari ikaingia, ikaacha chokaa ya Kambe, na Madagaska ikaanza kujitenga kuelekea kusini. Nguvu zilikuwa zimegeuka. Palipokuwa na msukumo sasa palikuwa na mvuto, na badala ya mwamba kupandishwa juu ya mwenzake, upande mmoja wa ufa uliteremka.

Zama za Pliosini, kati ya miaka milioni 5.3 na 2.6 iliyopita, mawe ya Duruma nayo yalimomonyoka, yakaacha michanga myekundu ya Magarini. Chembe nyepesi zilichukuliwa na maji na upepo. Nzito zilibaki, zikarundikana: ilmenaiti nyeusi, rutaili ya rangi ya kahawia, na zirkoni ngumu isiyochakaa upesi.

Miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na matumbawe yakajenga miamba ya Chale. Katika enzi ya barafu, miaka 20,000 iliyopita, maji yalishuka takriban mita 120, kisha yakapanda tena na kukizunguka kisiwa. Wadigo walikitunza Chale kama kaya, pahali pa mizimu na mwiko wa kukata miti. Mwaka 2008 misitu ya kaya za Wadigo na jamii nyingine za Mijikenda, Kaya Kinondo ikiwamo, iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Mwaka 2013 kampuni ya Base Titanium ilianza kuchimba michanga mizito ya Kwale, na shehena ya kwanza ikaondoka Likoni Februari 2014. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024. Hivyo chembe zilizosafiri kutoka kwenye milima ya kale hadi mtoni, kutoka mtoni hadi kwenye jiwe, na kutoka kwenye jiwe hadi mchangani, zilimalizika kuchimbwa katika muda wa takriban miaka 11. Mmomonyoko ulizikusanya polepole mno kiasi kwamba hakuna kizazi cha binadamu kitakachoona hazina nyingine kama hiyo ikijengeka. Anayepanga uchumi wa Kwale hana budi kuanzia hapo.